Mali Bila Daftari: Andika Mpango Kabla ya Kutoa Fedha

Fedha ikiwa mkononi ni yako. Ikishatoka, hairudi kwa kuitwa. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuifikiria biashara ni kabla fedha haijatoka. Wakati huo kosa ni la karatasi tu. Unalifuta, unaandika tena. Fedha ikishatoka, kosa hulipwa kwa ng'ombe, kwa shamba, au kwa ada ya mtoto wa shule.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi huu tutazungumza juu ya daftari hilo. Tutajifunza kuandika mpango wa biashara. Wengine huuita mchanganuo wa biashara. Katika ofisi za halmashauri huitwa andiko la mradi. Majina ni mengi, lakini kazi ni moja: kuihesabu biashara kabla ya kuianza.

Huenda unasema, "Mimi ni mkulima wa Nambis. Mipango ya biashara ni mambo ya watu wa mjini." Sivyo. Wewe hupanga kila mwaka. Unajua mbegu kiasi gani itatosha ekari moja. Unajua debe ngapi za mahindi zitalisha nyumba yako mpaka mavuno mengine. Huo ni mpango, ila umo kichwani. Leo tutautoa kichwani na kuuweka kwenye karatasi, mahali ambapo wenzako wanaweza kuuona na kuusahihisha.

Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika madarasa ya kisomo yaliyofuata, watu walifundishwa mambo matatu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Wengi wetu tunakumbuka mawili ya kwanza na kulisahau la tatu. Mpango wa biashara unayahitaji yote matatu. Anayejua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya anaweza kuuandika.

MFANO WETU: VITUNGUU SWAUMU

Wilaya ya Mbulu inajulikana kwa vitunguu swaumu. Basi tuchukue mfano huo. Bei zote tutakazoziandika ni za mfano tu. Wewe utaweka bei za soko lako na za mwaka wako.

Tuseme mko wenzi 10 wa Nambis. Mnataka kununua vitunguu swaumu vibichi wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini. Mtavikausha, mtaviweka ghalani miezi 3, kisha mtavipeleka Arusha bei ikipanda. Kila mmoja atatoa shilingi 100,000. Hiyo ni shilingi 1,000,000. Mtaomba pia mkopo wa kikundi wa shilingi 1,500,000. Mtaji wote ni shilingi 2,500,000.

Kikao cha kwanza kinakaa. Mmoja anasimama na kupiga hesabu ya mdomo:

"Tutanunua kilo 1,000 kwa shilingi 2,000 kila kilo. Hiyo ni milioni 2. Tutauza kwa shilingi 3,000. Hiyo ni milioni 3. Faida ni milioni 1."

Watu wanapiga makofi. Hesabu ya kuzidisha ni sahihi. Lakini je, biashara ni sahihi? Tuiandike tuone.

ANDIKA KILA KINACHOTOKA

Chukua ukurasa mmoja wa daftari. Andika juu yake: FEDHA ITAKAYOTOKA. Kisha ifuate safari ya kitunguu, tangu shambani mpaka mikononi mwa mnunuzi. Kila kinapoguswa, uliza: nani analipwa hapa?

Vitunguu, kilo 1,000 kwa shilingi 2,000: shilingi 2,000,000.
Kubeba kutoka mashambani hadi ghalani: 50,000.
Vibarua wa kukata majani, kukausha na kuchambua: 80,000.
Kodi ya ghala, miezi 3 kwa shilingi 30,000: 90,000.
Mifuko ya wavu, 20 kwa shilingi 1,500: 30,000.
Gari la kupeleka mzigo sokoni: 80,000.
Ushuru wa mazao na wa soko: 50,000.
Nauli na chakula cha wasafiri wawili: 60,000.
Simu na kutuma fedha: 10,000.

Jumlisha. Utapata shilingi 2,450,000. Ile hesabu ya mdomo ilitaja milioni 2 tu. Shilingi 450,000 hazikutajwa na mtu. Wala hakuna aliyedanganya. Zilikuwa zimejificha katika vitu vidogo vidogo.

ANDIKA KITAKACHOUZWA, SIYO KILICHONUNULIWA

Sasa fungua ukurasa wa pili. Andika: FEDHA ITAKAYOINGIA.

Hapa kuna mtego mkubwa. Kitunguu swaumu kibichi kina maji mengi. Kikikauka hupungua uzito. Vingine huoza, vingine hupasuka, vingine huliwa nyumbani. Mlinunua kilo 1,000, lakini hamtauza kilo 1,000.

Kitapungua kiasi gani? Usikisie. Pima. Chukua kilo 10 za vitunguu vibichi, vikaushe kama mtakavyokausha mzigo wote, kisha pima tena. Jaribio hili halina gharama kubwa, na linaweza kuokoa mtaji wenu wote.

Tuseme katika kilo 1,000, kilo 200 zimepotea kwa kukauka, na kilo 50 zimeharibika. Zimebaki kilo 750. Zidisha kwa shilingi 3,000. Utapata shilingi 2,250,000.

Sasa linganisha kurasa mbili:

Fedha iliyotoka: 2,450,000.
Fedha iliyoingia: 2,250,000.
Hasara: 200,000.

Ndugu msomaji, itazame hesabu hii vizuri. Kikao kilipiga makofi kwa faida ya shilingi milioni 1. Karatasi imeonyesha hasara ya laki mbili. Vitunguu ni vile vile, na soko ni lile lile. Tofauti ni kwamba mara hii tumeandika.

Jambo jingine. Andika uzito kwa kilo, usiandike kwa gunia tu. Gunia la lumbesa halina kipimo. Mnunuzi akijaza mpaka juu na kushona kofia, wewe unauza zaidi na kulipwa kile kile. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo ndio wanaosimamia jambo hilo. Kikundi chenye mizani yake hakidanganyiki kirahisi.

FEDHA ITAINGIA LINI?

Biashara inaweza kuwa na faida mwishoni na bado ikafa njiani. Sababu ni kwamba fedha hutoka mapema na kuingia baadaye. Kwa hiyo ukurasa wa tatu ni wa miezi.

Turudi kwenye mfano wetu. Mnayo shilingi 2,500,000. Mnanunua vitunguu, mnabeba, mnakausha, mnanunua mifuko na kulipa ghala. Hizo ni shilingi 2,250,000. Zimebaki 250,000.

Tuseme mkataba wa mkopo unadai marejesho ya shilingi 150,000 kila mwezi, kuanzia mwezi wa 3. Vitunguu bado viko ghalani, lakini marejesho hayangoji. Mnalipa. Zimebaki 100,000.

Mwezi wa 4 umefika. Bei imepanda. Mnataka kwenda Arusha. Gari, ushuru, nauli na simu ni shilingi 200,000. Ninyi mnayo 100,000. Mzigo upo, soko lipo, fedha ya kuufikisha mzigo sokoni haipo. Hapo atakuja mlanguzi mpaka mlangoni mwa ghala. Atajua mna shida, na bei ataipanga yeye.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkopo wowote, weka pamoja karatasi mbili: tarehe za marejesho na tarehe za mauzo. Kama hazipatani, omba tarehe za marejesho zibadilishwe kabla ya kutia saini, au badilisheni biashara.

SAHIHISHA MPANGO

Mpango ukionyesha hasara, usiutupe kwa hasira. Umefanya kazi yake. Sasa usahihishe.

Wenzetu wa mfano wanakaa tena. Wanasema: "Hasara kubwa inatokana na maji na ghala. Basi tusinunue vibichi. Tununue vilivyokwisha kaushwa, tuchambue, tuuze ndani ya mwezi mmoja." Wanaandika upya:

Vitunguu vikavu, kilo 800 kwa shilingi 2,400: shilingi 1,920,000.
Kubeba hadi ghalani: 40,000.
Vibarua wa kuchambua: 40,000.
Ghala, mwezi 1: 30,000.
Mifuko: 30,000.
Gari: 80,000.
Ushuru: 50,000.
Nauli na chakula: 60,000.
Simu na kutuma fedha: 10,000.
Jumla: 2,260,000.

Kilo 20 zimeharibika. Zinauzwa kilo 780 kwa shilingi 3,000. Zinaingia shilingi 2,340,000. Faida ni shilingi 80,000. Ukigawa kwa watu 10, kila mmoja anapata shilingi 8,000. Hakuna hasara, lakini faida ni nyembamba kama uzi.

Sasa ujaribuni uzi huo. Ulizeni: bei ikishuka kwa shilingi 200 tu, itakuwaje? Kilo 780 kwa shilingi 2,800 ni shilingi 2,184,000. Tayari ni hasara ya 76,000. Na bei hushuka. Mbulu siyo peke yake inayolima vitunguu swaumu. China ndiyo inayolima vingi kuliko nchi zote duniani, na vitunguu vyake huuzwa mpaka katika masoko yetu. Mzigo mkubwa ukiingia sokoni siku mnayofika ninyi, bei haitawaonea huruma.

Wenzetu wanaandika mara ya tatu. Safari hii wanabadilisha jambo moja tu: bei ya kununua. Wakinunua kwa shilingi 2,200, vitunguu vinagharimu 1,760,000, na jumla ya matumizi ni 2,100,000. Wakiuza kwa 3,000, faida ni 240,000. Bei ikishuka mpaka 2,800, bado wana faida ya 84,000.

Basi wanaandika uamuzi kwa herufi kubwa: TUTANUNUA KWA SHILINGI 2,200 AU CHINI YAKE. IKIZIDI HAPO, HATUNUNUI.

Sentensi hiyo moja ndiyo matunda ya mpango wote. Siku ya soko, watu wakigombania vitunguu na bei ikipanda, mjumbe wa kikundi atafungua daftari na kusoma. Kama bei imepita, atarudi nyumbani na fedha mfukoni. Wengine watamcheka. Lakini kuikataa biashara mbaya nako ni kupata faida.

ULIZA SOKO KABLA YA KULIAMINI

Hesabu ni nzuri kama namba zake ni za kweli. Namba za kweli hazipatikani kwa kukaa. Hupatikana kwa kwenda kuuliza.

Kabla ya kuandika bei, uliza wanunuzi watatu, siyo mmoja. Uliza bei ya wakati wa mavuno na bei ya miezi ya baadaye. Uliza wanataka vitunguu vya ukubwa gani, na kama hulipa papo hapo au hukopa.

Njia hiyo hufaa kwa biashara yoyote. Tuseme unataka kununua mashine ya kusaga, na kijijini iko mashine moja tayari. Usiseme, "Watu wote hula ugali, kwa hiyo nitapata wateja." Nenda ukae karibu na ile mashine siku 7. Hesabu debe zinazosagwa kila siku. Kisha uliza: kama nitapata nusu ya debe hizo, je, zitalipa umeme au dizeli, mwendeshaji, matengenezo na vipuri? Kama hazilipi, kijiji hakihitaji mashine ya pili. Kinahitaji kitu kingine, na pengine wewe ndiye wa kukileta.

GHARAMA ISIYOANDIKWA HULIPWA NA MTU

Huenda unadhani ni wadogo tu wanaosahau kuandika. Hapana. Hata miradi mikubwa husahau. Tuna mfano hapa hapa, katika Wilaya ya Hanang.

Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilikuwa na mashamba saba ya ngano katika eneo la Basotu. Kila shamba lilikuwa na ukubwa wa ekari 10,000 hivi. Yalikuwa na matrekta na mashine kubwa za kuvunia. Ngano nyingi ilivunwa, na taifa lilipata chakula.

Lakini mashine zile na vipuri vyake vilitoka nje, na vilihitaji fedha za kigeni. Msaada wa Kanada ulikwisha katika miaka ya 1990, na uzalishaji haukubaki kama zamani. Kulikuwa na gharama nyingine pia. Ardhi ile ilikuwa malisho ya ndugu zetu Wabarabaig. Watu waliouchunguza mradi baadaye walieleza kuwa malisho yaliyopotea hayakuhesabiwa kama gharama. Lakini yalilipwa. Yalilipwa na wafugaji waliobaki na malisho haba. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani kudai ardhi. Katika miaka ya 1980 walishinda katika Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo.

Hapo tunajifunza kwamba gharama isiyoandikwa haipotei. Huangukia mgongoni mwa mtu. Kwa hiyo ukimaliza kuandika mpango wako, uliza swali hili: kuna mtu atakayelipa na jina lake sikuliandika? Pengine ni mama wa nyumbani, atakayechambua vitunguu usiku bila ujira. Pengine ni mtoto, atakayekosa shule ili alinde ghala. Pengine ni jirani, ambaye maji yake ya mfereji utayatumia. Andika kazi zao. Zipe thamani. Biashara inayoleta faida kwa sababu tu mtu mmoja hakulipwa bado haijaleta faida.

MAJANGA NAYO YAANDIKWE

Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa. Watu zaidi ya 80 walikufa katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Nyumba na maduka yalisombwa. Hakuna daftari linaloweza kuzuia jambo kama hilo.

Lakini mpango unaweza kupunguza hasara inayofuata. Usiweke mali yote katika ghala moja kando ya korongo. Usiweke fedha yote katika sanduku moja. Weka nakala ya daftari kwa mwenzako anayekaa mbali nawe. Na tenga akiba kidogo kila mnapouza, hata kama ni shilingi 5 katika kila 100. Akiba hiyo isiguswe kwa sherehe.

MKOPO NA OFISI ZA KUULIZA

Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarudishwa mwaka 2024. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako masharti ya sasa. Moja utakaloambiwa ni kuleta andiko la mradi.

Wengine wakisikia hivyo humtafuta mtu wa mjini awaandikie. Humlipa, naye huandika maneno makubwa na faida kubwa, kwa sababu anataka mkopo utoke. Lakini atakayerudisha mkopo siyo yeye. Ni ninyi. Muombe mtaalamu akusaidie kupanga kurasa, lakini namba ziwe zenu, na kila mwanachama aweze kuzieleza.

Kutokuwa na riba siyo kutokuwa na deni. Mkopo wa kikundi huwabana wote. Mmoja akikimbia, wengine watalipa fungu lake. Kwa hiyo, kama kuna mwanachama asiyejua kusoma, someni mpango mbele yake neno kwa neno kabla hajaweka dole gumba. Atakayeweka dole gumba atalipa sawa na aliyeshika kalamu. Ana haki ya kujua anachokubali.

Kuna ofisi nyingine za kuuliza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973, na hufundisha usindikaji na uendeshaji wa biashara ndogo. Leseni ya biashara utaulizia halmashauri. Namba ya mlipa kodi hutolewa na TRA, bila malipo.

Na kuhusu kodi, daftari lina faida ambayo wengi hawaijui. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mtu mmoja mwenye mauzo ya shilingi 5,000,000 kwa mwaka na asiyetunza kumbukumbu alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Mwenye mauzo hayo hayo na kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Hiyo ni shilingi 30,000. Viwango huweza kubadilishwa, kwa hiyo uliza TRA viwango vya mwaka huu. Lakini ona jinsi daftari la bei ndogo lilivyoweza kuokoa shilingi 70,000.

KURASA SABA ZA MPANGO WAKO

Sasa tukusanye yote. Mpango wako uwe na kurasa saba, kila ukurasa ujibu swali moja.

1. Tutauza nini, na kwa nani? Taja bidhaa, ubora wake, na wanunuzi mliokwisha zungumza nao.

2. Fedha gani itatoka? Ifuate bidhaa hatua kwa hatua, na usiache hata nauli.

3. Fedha gani itaingia? Hesabu kilo zitakazouzwa, siyo zilizonunuliwa.

4. Itatoka lini na itaingia lini? Andika mwezi kwa mwezi, pamoja na marejesho ya mkopo.

5. Bei ikishuka, au mzigo ukiharibika, itakuwaje? Andika bei ya mwisho ya kununua, na muiheshimu.

6. Nani atafanya nini? Mmoja atunze fedha, mwingine aandike daftari. Mtu mmoja asishike vyote viwili. Fedha itolewe benki kwa saini za watu wawili au zaidi.

7. Faida itagawanywaje? Kiasi gani kwa wanachama, kiasi gani kwa mtaji, kiasi gani kwa akiba? Andikeni sasa, kabla haijapatikana. Ni rahisi kupatana juu ya faida ambayo bado haijaonekana.

Mkishaandika, msiliweke daftari juu ya dari. Kila mwezi lisomwe mbele ya kikao. Upande mmoja andikeni tulichopanga, upande wa pili andikeni kilichotokea. Palipo na tofauti, ulizaneni sababu bila kugombana. Mpango wa mwaka ujao utakuwa bora, kwa kuwa namba zake zitatoka katika kazi yenu wenyewe.

Ndugu msomaji, leo jioni, kazi ikiisha, chukua daftari na kalamu. Mwite mwenzako au mwanao anayesoma shule. Taja biashara unayoiwaza, na uanze na ukurasa wa pili: kila kinachotoka. Ukimaliza, huenda utaipenda zaidi biashara hiyo. Au huenda utaiacha. Kwa vyovyote, utakuwa umeamua wewe, na fedha yako bado iko mkononi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mfano wetu, ni gharama gani hasa iliyosahauliwa katika hesabu ya mdomo?

2. Fanyeni hesabu upya: kama vitunguu vikavu vitanunuliwa kwa shilingi 2,300, na kuuzwa kwa 2,800, kutakuwa na faida au hasara? Ya shilingi ngapi?

3. Je, katika kijiji chenu kuna biashara iliyokufa? Ilikosa ukurasa upi kati ya kurasa saba?

4. Katika biashara yenu, nani hufanya kazi ambayo haijaandikwa mahali popote?